Ati Mwenye Karata Njema Anyamaze

Ziko rai ambazo hupita midomoni mwa watu kwa muda mrefu hata zikavikwa joho la hekima, na yeyote azitiliaye shaka huonekana kuwa ama hakulelewa, ama hakuwahi kuketi na wajuzi. Mojawapo, ambayo hapa Bwiza utaisikia penye meza yoyote ya bia na mishikaki ya mbuzi walipo vijana watatu wanne walioinamia simu zao, ni hii: kwamba katika mchezo wa poka wa mtandaoni, aliyejaliwa karata kubwa yampasa anyamaze. Asiweke dau wala asipandishe la mwenziwe. Apite tu, mzunguko baada ya mzunguko, kama mnyonge asiye na chake, mpaka karata ya tano ya wazi imekwisha kufunuliwa, na hapo ndipo amrukie adui aliyekwisha kulala usingizi. Wenye rai hii huiita werevu. Mimi naiona kuwa ni ajizi iliyoazima mavazi ya werevu, na nakusudia kuyavua mavazi hayo moja baada ya moja.

Haki ya mpinzani ni kuelezwa kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa, basi na waelezwe. Wao husema kwamba karata kubwa ni nadra, na kitu cha nadra hakitapanywi. Kwamba kuweka dau ni kutoa onyo, na aliyeonywa hukimbia, na aliyekimbia halipi. Kwamba mchezo wenyewe umesimama juu ya siri, hivyo atangazaye nguvu zake ameivunja nguzo ya mchezo. Na kwamba ukimya huwavuta waongo, yaani wale wenye karata duni ambao, wakiona hakuna anayedai fungu lililo mezani, watalidai wao kwa dau la hila, nasi tutawalipisha hila yao. Kisha hutoa mfano wa mvuvi wa Tanganyika, ambaye, kwa maneno yao, hapigi kelele juu ya samaki anaotaka kuwavua. Hoja hizi si za kipuuzi, na mtu mzima aweza kuzishika bila kuona haya. Tabu yake ni kwamba zikiwekwa pamoja zinapigana, na zikitenganishwa hakuna hata moja inayosimama kwa miguu yake.

Wala sina haja ya kuwaingilia masheikh wa Buyenzi, jirani zetu, wanaotukumbusha kwamba kamari imekatazwa kwa nassi katika Sura ya Al-Maida. Wao hawabishani juu ya namna ya kuchezesha karata kubwa bali juu ya kuishika, na katika hilo hoja yao ina ukamilifu ambao hoja za wachezaji hazina. Mimi nazungumza na aliyekwisha kuishika.

1. Turufu na poka si ndugu

Rai hii ina asili, na asili yake si poka. Wengi wetu, kabla hatujaona simu yenye kioo, tulijifunza karata barazani kwa michezo ya turufu, na mashuhuri katika michezo hiyo kwa watu wa pwani, ambao majina ya karata zao, kopa, uru, shupaza na pau, yametoka kwa Wareno, ni ule uitwao wahedi-wa-sitini. Ndani yake ree ina pointi 11, seti ina 10, mzungu wa nne ana 4, wa tatu ana 3 na wa pili ana 2. Jumla ni 30 kwa kila namna, na kwa namna zote nne ni 120, na ndiyo maana mwenye kufikisha 61 amekwisha kushinda. Sasa zingatia: pointi hizo 120 zilikuwapo kabla wewe hujaketi, na zitakuwapo ukicheza kwa pupa au kwa taratibu. Ree ya turufu uliyoizuia mkononi haipungui kitu kwa kuzuiwa. Bali thamani yake huenda ikazidi, kwa kuwa inaingojea seti ya mwenzako ipite ili iinyakue. Kunyamaza huko ni hekima kweli, na wazee waliotufunza hawakutudanganya.

Lakini katika poka hakuna pointi 120. Mezani hapana kitu ila kile walichokiweka wachezaji wenyewe kwa mikono yao, na kila mzunguko wa dau upitao pasipo mtu kuweka ni mzunguko uliokufa, haurejei. Mwenye turufu anangojea mali iliyopo; mwenye karata kubwa ya poka, akinyamaza, anangojea mali ambayo yeye mwenyewe ameikataza isizaliwe. Kijana wa Bwiza aliyechukua adabu ya mchezo wa kwanza akaipeleka katika wa pili amefanya kosa lile lile la mtu anayenyamaza sokoni kwa sababu alifundishwa kunyamaza msikitini, na cha ajabu ni kwamba hulifanya kwa majivuno.

2. Hesabu ya mzunguko uliokufa

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu nao, kwa hiyo nitakaa kidogo. Watetezi wa ukimya hudhani kwamba wakipita mzunguko mmoja wamepoteza dau la mzunguko huo mmoja tu, dogo la mwanzo, nao wako radhi kulitoa sadaka kwa ajili ya kubwa litakalokuja mwisho. Dhana hiyo ni batili, kwa sababu madau ya poka hayajumlishwi, huzidishwa: dau la leo hupimwa kwa ukubwa wa fungu la jana.

Tuseme fungu lina faranga 1,000 zilipofunuliwa karata tatu za kwanza, na ya kwamba wewe una nane mbili mkononi na ya tatu imetua mezani. Nahesabu kwa faranga ili tusitoke nyumbani, ingawa meza zenyewe aghalabu huhesabu kwa dola. Ukiweka dau lenye ukubwa wa fungu nalo likalipwa, fungu litakuwa 3,000. Ukiweka 3,000 kwa karata ya nne likalipwa, litakuwa 9,000. Ukiweka 9,000 kwa ya tano likalipwa, litafika 27,000. Mpinzani wako ametoa 13,000 kwa mizunguko mitatu. Sasa nyamaza katika mzunguko wa kwanza, kama ulivyousiwa, kisha uweke kwa ukubwa ule ule katika miwili iliyobaki: atatoa 1,000, kisha 3,000, basi, jumla 4,000. Ulidhani umesamehe faranga 1,000, kumbe umesamehe 9,000. Na ukinyamaza miwili, ukaruka mwishoni kama chui, utapata 1,000, na chui atarudi kwake na njaa.

Najua jibu lao: kwamba mpinzani halipi mara tatu. Huenda. Lakini hata kama katika kila watu watatu ambao wangelipa mara mbili ni mmoja tu atakayekubali kulipa mara tatu, huyo mmoja anatoa 13,000, nao wote watatu kwa njia ya ukimya wanatoa 12,000. Na wale wawili waliokimbia njiani, je, hawakuacha kitu? Aliyekimbia baada ya dau la kwanza ameacha 1,000, na wa pili 4,000. Mtu mwenye daftari la duka hahitaji zaidi ya hapo.

3. Wanakimbia, au hawakimbii?

Nimewahi kusikiliza, kwa subira ambayo sidhani kama nitalipwa duniani, malalamiko ya mabwana hawa pale wanaposhindwa. Husema nini? Husema kwamba katika meza za dau dogo haiwezekani kucheza kwa akili, kwa kuwa watu waliomo humo hawajui kukimbia: hulipa kwa jozi ya mbili, hulipa kwa matumaini, hulipa kwa sababu wamechoka kungoja. Vema. Lakini bwana huyu huyu, dakika chache kabla, alipokuwa na nane tatu, alitueleza kwamba hakuweka dau kwa kuwa angewatisha wakimbie. Watu hao ni waoga akiwa na karata kubwa, na ni majasiri wasiofundishika akiwa na karata duni? Basi hapana budi wawe wanaziona karata zake, na kama wanaziona, ukimya haufai kitu. Wala hawazioni, wapo kwa ajili ya kuona karata zinazofunuliwa, na mtu aliyekuja kulipia maonyesho halaumiwi kwa kulipa. Anayelaumiwa ni mwenye nyumba aliyesahau kukusanya kiingilio.

4. Karata ya bure

Hapa hasara haihitaji ufasaha, yahitaji tu kugawanya. Katika karata nne za wazi ziko kopa mbili, na mpinzani wako ana kopa mbili mkononi. Akipata ya tano, nane zako tatu hazina haki tena. Karata asizozijua yeye ni 46, na kopa zilizobaki ni 9, maana yake kila mara tano au zaidi kidogo atafanikiwa mara moja. Fungu lina 1,000. Ukiweka 1,000 naye akalipa, analipa 1,000 kwa kutamani fungu ambalo kwa haki yake ya mara tisa katika 46 lina thamani ya kiasi cha 587 kwake. Kwa wastani amekuachia faranga 413 mezani, na ameshukuru. Ukipita, umempa bure haki ya sehemu ya fungu lenye thamani ya 196. Baina ya matendo hayo mawili pana takriban faranga 600, yaani zaidi ya nusu ya fungu lililokuwapo, na hakuna hata moja inayoonekana kwa macho, kwa sababu hasara ya namna hii haina uso: mara nyingi kopa haiji, fungu dogo linachukuliwa, na mnyamazaji anajisifu kwamba alikuwa salama. Siku ijapo kopa, hulaani bahati, na kama bahati haina masikio, hulaani programu ya mchezo, ambayo kwa madai yake imetengenezwa kwa makusudi ya kumwonea mtu wa Bujumbura.

5. Uso usioonekana na umeme usioaminika

Wanasema siri ni nguzo ya mchezo. Kweli, walipokuwa mezani ana kwa ana, palikuwa na maana katika kuuzuia uso usicheke na mkono usitetemeke. Mtandaoni huna uso. Una jina la kubuni na picha ya simba. Yanayobaki kuonekana kwako ni mawili tu, ukubwa wa dau na muda uliochukua kuliweka, na mtu ambaye huweka dau kila awapo na karata za kati, kisha ghafula akapita kwa upole usio wa kawaida yake, amejianika zaidi ya yule aliyeendelea kuweka kama desturi. Siri iliyo bora ni kufanya lile lile kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya wageni hulitaja kwa mstari mmoja, na sisi tungepaswa kuliandikia sura nzima. Bwiza umeme hukatika. Mtandao huyeyuka bila kuaga, na simu hulala katikati ya mchezo. Desturi ya programu hizi ni kwamba mchezaji aliyepotea hupewa muda mfupi, na zamu yake ikifika kukiwa na dau la kulipa, karata zake hutupwa, hata zikiwa ree nne. Walakini aliyekwisha kuweka kete zake zote mezani hatakiwi tena kubonyeza kitu. Karata zilizobaki hufunuliwa bila yeye, na likiwa ni lake, fungu humngojea mpaka umeme urudi. Kwa hiyo yule anayevizia kwa nane tatu, akiahirisha kila kitu mpaka karata ya tano, hakuweka rehani kete zake kwa mpinzani peke yake, ameziweka rehani kwa waya, kwa mnara na kwa betri. Na ni watu hawa hawa wanaokuambia kwamba kuweka dau mapema ni kujihatarisha.

Ushuru wa meza nao, ambao wenye programu huukata katika kila fungu, aghalabu karibu asilimia tano, una kikomo katika meza nyingi: fungu likizidi kiwango fulani, mkato hauongezeki. Anayeshinda mafungu madogo kumi hulipa ushuru kamili mara kumi. Anayeshinda moja kubwa huenda akafikia kikomo akasamehewa yaliyozidi. Ongeza juu yake kwamba mchezaji wa hapa hununua dola kwa bei ya mitaani na huziuza tena kwa sharti la dalali, katika nchi ambayo benki kuu, mwezi Mei 2023, iliishusha faranga kwa kiasi cha asilimia 38 kwa mkupuo mmoja. Yaani amekwisha kukatwa kabla hajagawiwa. Mtu aliyezungukwa na makato ya namna hiyo, akipata karata kubwa mara moja kwa muda mrefu, ndiye anayeambiwa aichezeshe kwa kunong'ona.

6. Mvuvi wa Tanganyika

Mfano wao wa mvuvi nauchukua kwa mikono miwili, maana sijui kama kuna mfano unaowaumiza zaidi. Anayeshuka ufukweni usiku usio na mbalamwezi huona nini juu ya ziwa? Huona taa. Wavuvi wa ndagala hawajifichi gizani wakingoja samaki wajitie wavuni kwa ujinga wao. Huwasha taa kali juu ya mitumbwi iliyofungwa pamoja, wakawavuta kwa mwanga ule ule ambao wahubiri wa ukimya wangeuita onyo, na mbalamwezi inapong'aa kiasi cha kuzifisha taa zao, wengi hupumzisha nyavu. Dau la mwenye karata kubwa ndiyo taa hiyo.

7. Wanavyuoni na mashine

Huenda mtu akasema kwamba haya ni maneno ya barazani, na wajuzi wa kweli wana siri zao. Basi na tuwaulize wajuzi. John von Neumann na Oskar Morgenstern, katika kitabu chao cha nadharia ya michezo kilichotoka mwaka 1944, walichukua poka iliyorahisishwa wakaitia katika hisabati, na natija yao ilikuwa hivi: karata zilizo bora kabisa huwekewa dau, zilizo duni kabisa pia huwekewa dau mara kwa mara, na zinazopita kimya ni za kati. Msomaji ataona jinsi mabwana wetu walivyoigeuza natija hii juu chini, kwa kuweka dau na za kati na kunyamaza na zilizo bora. Dau la karata duni ndilo linalolipia la karata bora, maana mpinzani, asijue lipi ni lipi, hulazimika kulipa yote mawili. Aliyeogopa kusema uongo mara moja moja hawezi kulipwa anaposema kweli.

Na mwezi Januari 2017, huko Pittsburgh, Marekani, mashine iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kazi hiyo, ikawashinda wote. Jambo lililowashangaza halikuwa uvumilivu wake, bali madau yake, ambayo mara nyingine yalizidi ukubwa wa fungu mara kadhaa, mahali ambapo mwanadamu mwenye adabu angeona haya. Ni kweli kwamba mashine hiyo hupita mara nyingine hata ikiwa na karata kubwa. Lakini hupita kwa hesabu, ili mapito yake yasiwe yote ya wanyonge. Haipiti kwa kuogopa kwamba mpinzani atakimbia, wala haina rafiki wa kumsimulia kesho jinsi ilivyotega.

Nashuku kwamba siri ya rai hii yote iko katika hilo neno la mwisho. Mtego ulionasa ni hadithi. Dau lililolipwa mara tatu si hadithi, ni hesabu. Mwenye kutega huketi mezani kwa bia akaeleza alivyopita, akapita tena, na uso wa mpinzani (ambao hakuuona) ulivyobadilika. Aliyeweka dau tangu mwanzo hana la kueleza ila kiasi alichopata, na watu wa Bwiza, kama watu wa kila mahali, hawapendi kusimuliwa kiasi alichopata mwingine.

8. Istithnaa, na ukubwa wake

Sitaki nishitakiwe kuwa nimewanyima hata kilicho chao. Ziko hali mbili ambamo ukimya una haki. Ya kwanza ni pale mpinzani anapojulikana, kwa ushahidi na si kwa ramli, kuwa hawezi kuona fungu lisilodaiwa asilidai. Huyo mwachie aweke dau yeye, kwa kuwa fungu hukua vilevile. Ya pili ni pale karata zako zilipoimaliza meza, asibakie mwingine na cha kushikilia: una nane mbili, na mbili nyingine zote zimetua katika tatu za kwanza. Hapo mpe mwenzako karata moja apate angalau cha kujidanganyia.

Lakini tuupime ukubwa wa istithnaa hii ya pili, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila usiku. Jozi mkononi huja mara moja katika migao 17. Na jozi hiyo kukamilika kuwa nne katika karata tatu za kwanza hutokea mara moja katika kama 408. Kwa hiyo jambo lenyewe huja mara moja katika migao karibu 7,000. Meza ya mtandaoni yenye kugawa mara 70 kwa saa, kwa mtu achezaye saa mbili kila usiku, itamtaka angoje kiasi cha siku hamsini ili apate nafasi moja ya kunyamaza kwa haki, naye ameshanyamaza mara tatu tangu mishikaki ilipoletwa.